Tarehe ya Neno Moja la Taabu

Katika utenzi mkubwa wa vita vya Troia, ambao Wayunani wa kale waliunasibisha na Homer, yupo mungu mmoja atokaye jasho. Huyo ni Hephaistos, mhunzi wa miungu, kiguru. Na siku alipojiwa na Thetis, mama yake Achilles, kuombwa amfulie mwanawe silaha mpya badala ya zile zilizopotea vitani, hakukutwa ameketi juu ya kiti cha enzi kama impasavyo mtu wa nasaba yake, bali alikutwa akihangaika baina ya mivukuto, ana vyombo ishirini vya miguu mitatu vya kumaliza, vyote amekwisha kuvitia magurudumu ya dhahabu ili viende vyenyewe penye baraza la miungu na kurudi vyenyewe nyumbani, ila mikono ya kuvishikia ilikuwa bado, naye alikuwa akifua misumari ya kuipigilia. Alipoambiwa kuwa ana mgeni mwenye heshima, aliiondoa mivukuto motoni, akakusanya zana zake akazitia ndani ya kasha la fedha, akatwaa sifongo akajifuta uso, na mikono yote miwili, na shingo yake nene, na kifua chake kilichojaa nywele. Ndipo akavaa kanzu, akashika bakora, akatoka akichechemea kwenda kuamkiana naye.

Kitendo alichokitumia mshairi kueleza shughuli ya mhunzi huyu kinatokana na jina ponos, yaani taabu, na jina hilo ndilo ninalotaka kuzifuata nyayo zake hapa, kwani sijaona neno jingine la lugha ile lililochukua kwa pamoja sharafu na maumivu, na kisha, kwa mwendo wa karne nyingi, likahamwa na sharafu likabaki na maumivu peke yake.

Umbo lake ni jepesi. Sisi hubadilisha neno mwanzoni mwake, mtu akawa watu na kitu kikawa vitu. Myunani alibadilisha mkia. Taabu ikiwa ndiyo itendayo huitwa ponos, ikiwa ndiyo itendwayo huitwa ponon, na mtu akitaka kusema ya taabu husema ponou. Zikiwa taabu nyingi, zenye kuhesabika moja moja, huitwa ponoi. Walakini badiliko lenye maana zaidi limo ndani ya shina lenyewe, na Mswahili aliyesoma hatalistaajabia, kwa kuwa amelizoea kwa njia ya Kiarabu: herufi za hukumu zikibadilishiwa irabu hutupa hakimu na mahakama, na zile za kitabu hutupa katibu na maktaba. Kiyunani nacho kilikuwa na desturi hiyo kwa kiasi chake. Palipo na sauti ya e katika kitendo, aghalabu pana o katika jina: legō ni nasema, na logos ni neno, pherō ni naleta, na phoros ni kodi iletwayo kwa mtawala. Vivyo hivyo penomai ni nashughulika, najitaabisha, na ponos ndiyo taabu yenyewe. Wengi katika wachunguzi wa asili za maneno huliunganisha shina hili na maana ya kuvuta na kunyosha, kama mtu asokotaye uzi. Na ikiwa ndivyo, basi taabu kwa asili yake ni mwili uliovutwa, mshipa uliokazwa, kamba iliyowambwa, na mtu ye yote aliyepata kuitwa kusaidia kupandisha jahazi pwani wakati wa bamvua atakubali kwamba waliolitunga neno hilo walijua walisemalo.

Kwa Homer, ponos aghalabu ni vita. Helenos, mwana wa mfalme wa Troia aliyekuwa na elimu ya utabiri, anapowaita Hektor na Aineias awaambie kwamba wao ndio waliobeba uzito mkubwa kuliko wenzao wote, neno analolitumia ni hilo, wala hana haja ya kueleza ni taabu gani. Waliomsikia walikuwa wamesimama ndani yake tangu alfajiri. Kitendo penomai kilikuwa na kazi za nyumbani zaidi, mathalan kuandaa chakula, na hapo pana kejeli ambayo sijui kama mshairi aliikusudia: katika utenzi wake wa pili, wale wachumba waliojazana nyumbani kwa Odysseus kumposa mkewe ilhali mume yu hai baharini, watu ambao hatuwaoni hata mara moja wakishika jembe au kasia, wanasemwa kuwa wanajitaabisha, na wanalojitaabishia ni karamu ya mali isiyo yao.

Hesiod, mkulima wa Askra katika nchi ya Boiotia, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, alimpa Ponos mwili na ukoo: ni mwana wa Ugomvi, na nduguze ni Usahaulifu, Njaa na Maumivu. Alisimulia pia kwamba hapo mwanzo wanadamu waliishi bila taabu nzito wala maradhi, mpaka mwanamke wa kwanza, Pandora, alipofunua kifuniko cha mtungi. Hata hivyo Hesiod huyo huyo alimhimiza nduguye Perses ashike kazi, na kwa kazi hiyo ya kuhimizwa alichagua neno jingine, ergon. Ergon ni kazi pamoja na kile inachokizaa, shamba lililolimwa au nguo iliyofumwa. Ponos ni kile ambacho kazi imekitoza mwili.

Ukoo wa neno hili una tawi moja litakalowapendeza wanachuoni wetu wa fikihi. Mwaka 388 kabla ya Kristo, Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, aliwaonyesha watu wa Athens mchezo juu ya mungu wa utajiri, na ndani yake akamleta mwanamke mwenye sura ya kutisha aitwaye Penia, Umaskini, ambalo ni jina la shina lile lile la penomai. Bibi huyu anafukuzwa mjini, naye anajitetea kwa hoja nzito kuliko za wanaomfukuza: watu wote wakiwa matajiri, nani atafua chuma, nani ataunda merikebu, nani atakata ngozi na kushona? Kisha anakataa kwa ghadhabu kuchanganywa na uombaji. Yeye ana mtu wake, na mtu huyo huitwa penēs, ambaye hana akiba lakini hakosi mkate, kwa kuwa anabana matumizi na hauachi mkono wa kazi. Mwombaji, ptōchos, ambaye jina lake latokana na kujikunyata, ni wa nyumba nyingine kabisa. Msomaji aliyekaa darasani msikitini atakumbuka mjadala wa fakiri na maskini katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, iwatajayo wote wawili mbalimbali katika mafungu ya zaka, na jinsi wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, wanavyomhesabu fakiri kuwa na hali iliyo mbaya zaidi, maadamu maskini ana chumo japo halimtoshi, ilhali Wahanafi huligeuza jambo hilo. Kwa mizani ya Shafi, penēs wa Athens ni maskini, tena maskini wa kujivuna.

Sharafu ya ponos ilipata mwenyewe katika Herakles. Katika hekalu la Zeus huko Olympia, lililokamilika yapata mwaka 457 kabla ya Kristo, zilichongwa mbao za marumaru kumi na mbili, sita upande wa mbele na sita upande wa nyuma, kila moja na taabu yake. Na ya kwanza katika hizo ndiyo inipendezayo kuliko zote, kwa sababu mchongaji hakumwonyesha shujaa akimnyonga simba wa Nemea, tendo ambalo kila mtu angelitazamia. Simba amekwisha kufa. Herakles, kijana bado asiye na ndevu, ameweka mguu juu ya mzoga, ameinamisha kichwa akakitegemeza kwa mkono, kama mtu aliyemaliza zamu ya usiku. Na mungu mke Athena, aliyesimama karibu, anamwangalia. Mbele ya kijana huyo ziko taabu kumi na moja nyingine, na uso wake unaonyesha kana kwamba anajua.

Wenye hekima walikichukua kisa cha shujaa huyo wakakifanya somo. Prodikos wa Keos, mwalimu aliyekuwa akitoza ada kubwa, alitunga hikaya ya Herakles akiwa njia panda, amejiwa na wanawake wawili, mmoja amejipamba na kujitazama tazama, wa pili ana haya na nguo nyeupe. Wa kwanza anamwahidi raha isiyo na jasho, wa pili anamwambia wazi kwamba miungu haiwapi wanadamu kitu chema kisicholipiwa taabu. Xenophon ameihifadhi hikaya hiyo katika kumbukumbu zake za Sokrates. Antisthenes, aliyekuwa mwanafunzi wa Sokrates, alikwenda mbele zaidi akasema kwamba taabu yenyewe ni kheri, na kwa ushahidi akatoa watu wawili, Herakles kwa upande wa Wayunani, na mfalme Cyrus kwa upande wa wageni.

Cyrus mwingine, aliyekuja zaidi ya miaka mia moja baada ya huyo, ndiye aliyemshangaza Lysander. Xenophon, aliyepata kumfuata Cyrus huyo vitani mwaka 401 kabla ya Kristo, anaeleza katika kitabu chake cha utunzaji wa nyumba kwamba Lysander, jemadari wa Sparta, alimwendea Cyrus mjini Sardis kumpelekea zawadi za washirika, na mwenyeji akamtembeza katika bustani yake. Lysander akasifu jinsi miti ilivyokuwa mizuri, na safu zilivyonyoka, na pembe zilivyolingana, na manukato yaliyowafuata kila walikopita. Kisha akasema kwamba amstaajabiaye zaidi ni yule fundi aliyepima na kupanga haya yote. Cyrus akajibu kwa furaha kwamba aliyepima na kupanga ni yeye mwenyewe, na kwamba miti mingine ameipanda kwa mkono wake. Msparta akamtazama: nguo za fahari, mafuta ya kunukia, mikufu na bangili. Cyrus akaapa kwa Mithra kwamba maadamu ana afya haketi kula kabla hajatoka jasho, ama kwa zoezi la vita, ama kwa kazi ya shamba.

Ni hadithi tamu, na kwa miaka mingi nimeisoma kwa kuridhika nayo, walakini kila nikiirudia namshuku Xenophon zaidi. Cyrus alichimba shimo la mti wakati aliotaka, akaacha wakati aliotaka, na bangili zake zikabaki mkononi. Katika kitabu hicho hicho, kurasa chache tu kabla ya bustani ya Sardis, Sokrates anazisema vibaya kazi za mafundi wanaokaa ndani kivulini, na wengine kutwa nzima mbele ya moto, kwamba huharibu mwili na kuilegeza roho, na kwamba baadhi ya miji humkataza raia kuzishika. Hephaistos na sifongo yake angelijibuje? Kulikuwa na taabu iliyopandisha cheo na taabu iliyoshusha, na tofauti yake haikuwa wingi wa jasho. Ilikuwa hiari ya mwenye kutoka jasho.

Hesabu za wakati ule zinaonyesha jambo hili bila ya kukusudia. Jiwe lililoandikwa gharama za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, juu ya ngome ya Athens, kati ya miaka 409 na 407 kabla ya Kristo, linaorodhesha waliochonga mifuo ya nguzo zile, raia, wageni wakaazi na watumwa, wakifanya kazi bega kwa bega penye nguzo moja, ujira wao ukikaribiana sana, na hata msimamizi wa jengo akipewa drakma moja tu kwa siku. Ila ujira wa mtumwa ulihesabiwa kwa jina lake na bwana wake ndiye aliyekuwa na haki juu yake. Na hao walikuwa na bahati ya jua na upepo. Huko Laurion, chini ya ardhi, kwenye machimbo ya fedha, tajiri Nikias alikuwa na watu elfu moja aliowakodisha kwa Sosias wa Thrakia kwa oboli moja kila mtu kila siku, sehemu ya sita ya drakma, kwa sharti kwamba idadi isipungue. Anayetupa habari hiyo ni Xenophon tena, katika waraka wake juu ya mapato ya dola, naye anaitaja kama mfano wa biashara ya kuigwa. Sharti lile la idadi halimsumbui hata kidogo, ingawa lina maana kwamba aliyekufa shimoni alilipwa kwa mwingine.

Bwana wa watu wa namna hiyo alikuwa na kitu ambacho Wayunani walikiita scholē, yaani faragha, wasaa wa mtu asiyebanwa na haja. Na shughuli za kutafuta riziki waliziita kwa kukanusha, ascholia, ukosefu wa faragha. Katika wasaa huo watu walizungumza, wakajadiliana, wakasoma, mpaka neno likahama kutoka kwenye wasaa likawa jina la mahali pa kusomea, likapita kwa Warumi, likafika kwa Wajerumani na kwa Waingereza, na kutoka kwao likatua kwetu mara mbili: Mzanzibari asemaye skuli na mtu wa bara asemaye shule wote wawili wanatamka, bila kujua, neno la Kiyunani la mapumziko. Nimewahi kuwaeleza hayo watoto waliokuwa wakifagia uwanja wa shule alfajiri, nao walinitazama kwa adabu.

Kazi kwa Wayunani wa leo huitwa douleia, neno litokanalo na doulos, mtumwa. Utumwa na kazi huandikwa kwa herufi zile zile, tofauti ni silabi gani itiwe mkazo. Kabla hatujawacheka tukumbuke kwamba kutoka katika kutuma sisi tumepata mtumwa na mtumishi, na hata Mtume, na kwamba afisa wa serikali ambaye leo huitwa mtumishi wa umma yu mbali na mtumwa kwa irabu na herufi chache tu. Wayunani hao hao walipata kuwa wapandaji wa katani huku Tanganyika, na katika mashamba yao, kama katika mashamba ya Wazungu wengine, manamba walioletwa kutoka mbali kwa mkataba walikata majani yenye miiba kwa kipimo cha siku, bila ya Prodikos wa kuwatungia hikaya.

Sasa niwageukie wanawake, ambao taabu yao haikuwa na hiari wala ujira. Mwaka 431 kabla ya Kristo, Euripides, katika mchezo wake, alimfanya Medea aseme mbele ya Waathens kwamba afadhali kusimama na ngao mara tatu katika safu ya vita kuliko kuzaa mara moja. Na baadaye katika mchezo huo huo, anapowatazama wanawe na kukumbuka alivyowalea na utungu aliouonja, anaitumia kwa ajili yake mwenyewe ile ponos ya Hektor na ya Herakles. Tabibu naye alikuwa akilichukua neno hilo upande wake. Katika vitabu vilivyonasibishwa na Hippocrates, ponos ni zoezi la mwili ambalo daktari humwagiza mtu afanye, na pia ni maumivu ambayo mgonjwa humlalamikia daktari, na msomaji hana budi kutazama maneno ya kandokando apate kujua ni lipi.

Tawi jingine liliharibika. Ponēros kwa asili alikuwa mtu aliyelemewa na taabu, mwenye kudhikika. Kisha akawa mtu duni, kisha mtu mbaya. Wanasarufi wa baadaye walishuhudia kwamba Waathens walitofautisha maana hizo kwa mahali pa mkazo, mkazo wa mwanzoni kwa mwenye dhiki, wa mwishoni kwa mwovu. Lakini watu hawaishi kwa kutazama mkazo, na ule uovu ukashinda. Wakristo wanaposali sala aliyofundisha Yesu na kuomba waokolewe na yule mwovu, neno lililo katika Injili ya Mathayo ya Kiyunani ni hilo. Huko nyuma kabisa katika nasaba yake amesimama mtu maskini aliyechoka, ambaye dhambi yake ya kwanza ilikuwa mzigo.

Injili na nyaraka zenyewe, zinapotaka kutaja taabu ya kazi, huchagua zaidi neno kopos, litokanalo na kupiga na kukata, yaani mwili uliopondwa. Ndilo lililomo katika wito wa Yesu kwa waliochoka, ambalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walilipa kitendo cha kusumbuka. Na Paulo, aliyekuwa fundi wa mahema, alilitumia akijivunia mikono yake kwa namna ambayo ingemtia haya Xenophon. Ponos huonekana humo kwa nadra, na katika Ufunuo, inapoahidiwa kwamba haitakuwapo tena, wafasiri wetu walifanya sawa kuandika maumivu.

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwenye kuumwa kichwa huko Athens husema ana ponokephalos, na mwenye jino bovu ana neno lake lililoungwa vivyo hivyo, na hakuna anayemfikiria Herakles. Aristophanes, katika mchezo wake wa vyura wa mwaka 405 kabla ya Kristo, alilitumia neno pausiponos, kikomesha taabu, kwa kichala cha zabibu juu ya mzabibu wake. Neno hilo halijafa. Mtu akiingia katika duka la dawa la Kiyunani akaliomba, muuzaji hugeuka, akafungua mtoto wa meza, akampa vidonge.